Sauti ya Mama Abner

"Tababa," alisema Persis. "Tabebe. Tabibi."

"Rudia hiyo ya mwisho, Mama Abner," Jay akasema. "Lori limepita."

Akarudia. Tangu Jumatatu alikuwa akirudia, ameketi juu ya katoni ya misumari katika stoo ya duka la Jaswant mjini Kisii, maikrofoni mbele ya mdomo, blanketi zimetundikwa pande zote kuzuia kelele za barabarani. Maneno yenyewe hayakuwa na maana. Yalikuwa vipande vya sauti tu, na kompyuta ilivitaka vyote ili iweze kuviunga viwe Kigusii.

Koo lilimwasha. Akanywa maji ya tangawizi, akaguna.

Daktari wa Kisumu alikuwa amesema bila kuzungukazunguka: uvimbe ule wa kooni ukitolewa, sauti inaondoka nao. Siku hiyo Persis alijifungia chooni akalia. Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni nyumba yao ya Nyanchwa kuwa kimya, watu wawili wanatazamana tu juu ya sahani za ugali mpaka mmoja azikwe.

Jay, mwana wa Jaswant, ndiye aliyekuja na habari ya programu. Aliitoa kwenye CD iliyokuja na gazeti la kompyuta, imejaa kazi za watu wasiojuana: programu ya kuchora, ya kupanga nyimbo, ya kutazama nyota. Hii ilisoma kwa sauti chochote ulichoiandikia. Walioitunga waliiachilia na maandishi yake yote ya ndani, kila mtu aifungue, aifundishe lugha ya kwao. Kwa sasa ilijua Kiingereza tu. Ukiiandikia Kigusii, ilikisoma kama mtalii aliyepotea kijijini Masimba.

"Na kweli hawatudai kitu?" Persis aliuliza.

"Hapana. Ni ya kila mtu."

"Ndiyo maana inachosha kila mtu."

Ondieki, mumewe, karani wa duka hilo tangu Jay akitambaa, alicheka kwa mabega. Alikuwa amekaa kwenye kona, skafu ya sufu imemzunguka shingo. Jay alikuwa amesema wakati wa kurekodi asisikike mtu mwingine, na Ondieki hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Chanchal, mama yake Jay, akaleta chai.

"Pole sana, mama. Ugonjwa huu umewaonea," akamwambia Persis. Akamtazama Ondieki. "Na huyu mzee, zamani akiita bei kutoka huku stoo, watu wa stendi wanasikia. Siku hizi mpole kama mgeni."

"Ugonjwa unafundisha adabu," Persis akajibu. "Lakini hata enzi za makelele yake, neno pole lilimshinda. Nimezaa, nimelima, nimeuguza mama yake. Bado nangoja hiyo pole."

Ondieki akaangalia chai yake.

Mvua ya alasiri ikapiga mabati, wakalazimika kungoja. Ilikuwa Ijumaa. Jua likizama Sabato ingeingia, na Persis hangetamka hata kipande kimoja. Jumapili Jay angepanda ndege kwenda kusoma Leicester, Uingereza. Isipokamilika leo, basi tena.

"Umechoka, Mama Abner," Jay akasema. "Zile sauti za wazungu ziko tayari. Naweza kuzilazimisha zijaribu Kigusii."

"Sauti ya mgeni haiingii nyumbani kwangu." Akavua viatu, akanyoosha miguu. "Nimechoka, ndiyo. Nimechoka na hospitali, nimechoka kuambiwa nimwachie Mungu, nimechoka kulala macho nikisikiliza pumzi. Lakini hii tunamaliza."

Mvua ikapungua. Akarudi kwenye maikrofoni. Tanyanya. Tanyenye. Sauti ikamkauka, akaisukuma hivyo hivyo. Mara mbili alisahau alipofika akataka kulia. Mwanga wa dirishani ulipoanza kuwa wa manjano, Jay akainua mkono.

"Hicho ndicho cha mwisho."

Persis akaegemeza kichwa kwenye magunia ya saruji, akafumba macho. Jay akabonyezabonyeza, akaunganisha vipande vya leo na vya wiki nzima, akajaribu, akatukana kwa Kigujarati, akajaribu tena. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Tayari," akasema. "Andika chochote."

Akaivuta kibodi kwa waya wake mrefu. Ikampita Persis, ikafika kwenye kona.

Ondieki akalegeza skafu, na tundu la kupumulia ambalo daktari alimwachia shingoni likaonekana. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja. Kisha spika ikakwaruza, ikasema kwa sauti ya Persis:

"Pole kwa kuchoka, Mama Abner. Sasa nyamaza kidogo, nami niseme."