Koili ya Mzee Anselme

Muuzaji aligusisha waya kwenye betri, na cheche ya buluu ikaruka.

"Umejionea mwenyewe, mama. Nzima kabisa!"

Odile alikunja uso. Akamrudishia koili yake, akamshukuru shingo upande, akahamia meza nyingine. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka kwenye gulio la spea za magari ya zamani ya jeshi, matope yakimfika vifundoni, na kila alipogusa palikuwa na koili nzima. Siku zote watu hulalamika kwamba gulio hili limejaa matapeli. Leo yeye anawahitaji, wote wameokoka!

Alikuwa anatafuta koili iliyokufa, isiyoweza tena kutoa cheche ya kuwashia injini. Tena si koili yoyote. Sharti iwe ya asili, ndani ya boksi lake la jeshi, na karatasi yake ya nta, na namba iliyogongwa kwenye bati. Macho ya baba yake yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake havikudanganyika.

Baba huyo, Mzee Anselme, alikuwa na miaka themanini na saba, na ukungu machoni ambao daktari alisema hautatoka. Hata hivyo kila Juni, Normandi, pwani ya Ufaransa, inapokumbuka siku majeshi yaliposhuka ufukweni kuwafukuza Wajerumani, ndiye aliyeongoza msafara wa magari ya zamani. Aliliendesha gari dogo la jeshi la Wamarekani, lisilo na milango, alilorithi kwa baba yake, aliyelinunua jeshi lilipouza mabaki yake baada ya vita. Mwaka jana, kwenye kona ya kanisa, alipita karibu mno na watoto waliokuwa wakipunga bendera. Ubavu wa gari ulivunja kijiti cha bendera mkononi mwa mtoto mmoja. Walipofika nyumbani mzee alibaki ndani ya gari muda mrefu, mikono kwenye usukani. Amechoka, Odile aliwaza, wala hana habari ya alichokifanya.

Tangu siku hiyo Odile alimbembeleza aache kuendesha, akamlilia, akamgombeza. Jibu lilikuwa moja tu: "Nitaacha nikifa."

Kisha wiki hii, msafara ukiwa Jumamosi, gari likagoma kuwaka. Odile nusura alibusu. Lakini mzee alifungua boneti, akapapasa humo, akachomoa koili.

"Imekufa hii. Nimeipima mwenyewe," alisema. "Nenda nayo gulioni ukalinganishe. Na Firmin asisumbuliwe."

Firmin alikuwa rafiki yake, mwenye banda zima la spea. Angesikia tu, gari lingewaka kabla ya chakula cha mchana. Odile aliogopa kwamba akirudi mikono mitupu, mzee angemeza kiburi chake na kumpigia simu. Akirudi na koili mbovu yenye sura nzuri, wangehangaika nayo mpaka Jumamosi ipite.

Kwenye meza ya mwisho kulikuwa na kijana mwenye ndevu, mdomo umejaa soseji.

"Umekuja na ya zamani? Lete tuipime kwanza, mama. Watu wananunua koili, kumbe tatizo ni waya."

"Baba yangu alikuwa fundi wewe hujazaliwa," Odile alifoka. "Akisema imekufa, imekufa. Nionyeshe ya kwako."

"Haya, haya, usinipige!"

Kijana alifungua boksi, akaifunua koili, akaunga waya. Kimya. Akarudia. Kimya tena. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Samahani, mama. Hii imefia humo humo kwenye boksi. Ngoja nikutafutie..."

"Naichukua hiyo hiyo."

"Nimesema imekufa."

"Nimekusikia. Ifunge vizuri na karatasi yake. Bei gani?"

Kijana alimkazia macho, kisha akamsukumia boksi. "Takataka siziuzi. Chukua, nenda salama."

Nyumbani, mzee alikuwa akimsubiri bandani. Alipapasa namba, akainusa nta, akatikisa kichwa kuridhika.

"Cheche yake uliiona?"

Hiyo ndiyo sheria aliyomfundisha tangu akiwa mdogo: usitoe hata senti kabla hujaona cheche. Odile alikuwa ameuandaa uongo wake njia nzima, lakini mbele ya macho yale yenye ukungu ukatoka nusu tu.

"Hapana, Baba. Nilisahau."

Akasubiri matusi.

"Haidhuru," mzee alisema.

Akaifunga koili, akajaribu kuwasha. Starta ikalia, injini haikuwaka. Akajaribu tena na tena, halafu akashuka akijifuta mikono.

"Wezi wakubwa wale," alisema, bila hasira yoyote. "Basi. Mwambie Firmin aongoze yeye. Gari bovu ni gari bovu."

Akaingia ndani. Punde Odile akamsikia akipiga mluzi jikoni, akijipakulia wali wa maziwa.

Hasira zikampanda. Wiki nzima ya hofu, siku nzima ya matope, roho inamsuta kwa kumdanganya mzazi wake, na mzee mwenyewe anapiga mluzi! Alitoa koili ya zamani mkobani aitupe kwenye pipa la vyuma chakavu. Lakini mluzi ule ulimtia shaka. Akaiunga kwenye betri ya gari, kama alivyowaona wauzaji wakifanya, akagusisha waya.

Cheche ya buluu iliruka kwa mlio mkali, kubwa kuliko zote alizoziona siku ile.

Mluzi ulikatika jikoni.

"Odile! Ile ya zamani umeshaitupa?"

"Nimeshaitupa, Baba."