Mwizi Msafi

Mwizi aliyeingia kwa Thuzar alikuwa nadhifu kuliko Thuzar mwenyewe. Mvua ilikuwa imeinyeshea George Town, kisiwani Penang, tangu asubuhi, njia zote tope tupu, lakini sakafu yake nyeupe haikuwa na alama hata moja ya unyayo. Ila kompyuta ndiyo haikuwepo. Na redio. Na lile birika la umeme ambalo halijamaliza hata mwezi. Chumbani, kwa jinsi alivyoona kutokea mlangoni, nguo zote zilikuwa zimemwagwa chini.

Akapiga ukelele, tena kwa Kiburma, maana uchungu haujui lugha ya ugenini.

Tangu atoke Mawlamyine, kwao Burma, kuja kuwachongea Wapenang meno ya bandia, alikuwa ameishi ghorofa lile karibu mwaka mzima, na hakuna jirani aliyewahi kumwuliza jina. Kumbe dawa ni kuibiwa! Punde si punde wanawake wa ghorofa nzima walikuwa mlangoni, wanavua ndala na kuingia kumpa pole, huku wakikagua alivyopanga makochi. Waume zao walikuwa wanatazama mpira, walituma salamu.

Aliyeongoza msafara ni Mama Rokiah wa mlango wa pili, mjane asiyehitaji kipaza sauti.

"Kila mtu abaki sebuleni! Chumbani asiingie mtu, kuna alama za vidole!"

Alikuwa ametazama tamthilia nyingi za upelelezi, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Mwanaume pekee aliyefika ni Mzee Beng Huat wa mlango unaotazamana na wa Thuzar, fundi saa mstaafu, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, baba. Binti kaibiwa!"

"Maskini. Wanazika lini?"

Polisi naye akaja, baada ya muda unaotosha kupika, kula na kuosha vyombo. Akainua mguu avuke kizingiti.

"We afande!" Mama Rokiah akamwekea mkono kifuani. "Na hayo mabuti? Hii nyumba ya mtu, si kituoni kwenu."

Polisi akaziangalia kamba za buti zake, zilizopanda hadi karibu na magoti. Akaona upelelezi unaweza kufanyika vizuri tu pale pale nje. Akarefusha shingo kulia, akairefusha kushoto.

"Katokea dirisha la jikoni," akatoa hukumu. "Chini yake kuna paa la maegesho ya pikipiki. Saa hizi yuko mbali huyo. Watu wa alama za vidole watakuja Jumatatu. Mpaka hapo, chumbani msiguse kitu."

"Sasa mimi nilale wapi?" Thuzar akauliza.

"Kwani makochi nayo yameibiwa?"

Akapiga saluti, akaondoka, buti zake zikiwa zimefungwa vile vile.

"Na dhahabu je?" Mama Rokiah akageuka ghafla. "Usinifiche, mwanangu. Nyie Waburma benki yenu mkononi."

Thuzar akashtuka. Bangili za mama! Ndizo pekee zilizobaki nyumba yao ilipouzwa. Siku ya kuagana mama yake alizivua mkononi, akazifunga kwenye leso, akampa, na miezi michache baadaye akafa. Kompyuta hununuliwa nyingine. Akakimbilia jikoni, akafunua debe la mchele, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Zimo!" akalia. "Zimo, jamani!"

"Zilikuwa wapi?" Mzee Beng Huat akauliza kutoka sebuleni.

"Kwenye mchele!"

"Wapi?"

"KWENYE DEBE LA MCHELE, BABA! JIKONI!" Mama Rokiah alimsaidia, hata wa ghorofa ya chini wakaitikia alhamdulillahi.

"Basi zirudishe humo humo," mzee akashauri. "Mwizi akishaiba mahali, harudi."

Ushauri ule ulimwingia kila mtu akilini. Bangili zikarudi mcheleni, kifuniko kikarudi juu ya debe. Chai ya kuwapa wageni haikuwepo, birika limekwenda, hivyo majonzi yao hayakukawia. Mmoja mmoja walichukua ndala zao, wakamwambia wao ni ndugu sasa, wakaenda zao.

Thuzar alisimama mlangoni, kwa mara ya kwanza akijiona kama mtu wa pale. Ndipo alipoona, kando ya viatu vyake, makubadhi makubwa ya kiume. Akacheka peke yake. Huyo mzee! Amekwisha kusahau kusikia, sasa anasahau na miguu. Akayaokota, akauacha mlango wazi, akavuka ukumbi peku na kubisha.

Mzee Beng Huat alifungua, akayatazama.

"Si yangu hayo. Yangu haya hapa," akasema, akionyesha kwa kidole raba zake zilizolowa.

Mama Rokiah, ambaye hakuna mlango uliowahi kubishwa asichungulie, akatoa kichwa. "Usiniangalie mimi. Kwangu kiatu cha kiume hakijalala tangu nimzike mume wangu."

"Basi ya yule afande," mzee akasema.

"Afande hakuvua," Thuzar akajibu, kwa sauti iliyoanza kupungua.

Wote watatu wakayatazama makubadhi. Nyuma yao, mlango wa Thuzar ukarudishwa taratibu, kwa adabu zote, na komeo likaingia kutokea ndani.