Pete ya Mwalimu

Siku hizo kila mhadhiri alivishwa pete, ili wanafunzi waseme lao kuhusu ufundishaji bila kufungua kinywa. Wakichukia somo, pete inambana, wakifurahi, inalegea. Nasra, mwalimu wa ukunga, kidole kilimwiva hata akaliacha somo la mtoto anayetanguliza miguu, maana liliwatisha wanafunzi. Pete ikalegea, na mama yake, Bi Mwanakombo, akamshukuru Mungu.

Siku moja Nasra mwenyewe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Zamuni hospitalini alikuwepo Salome peke yake, mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho.

"Mwalimu, darasa lako tamu, hatusinzii," Salome alisema akivaa glavu. Mara akainama kutazama. "Naona mguu. Hili hatukufundishwa."

"Mwambie, mwanangu," Bi Mwanakombo, kando ya kitanda, alimhimiza binti yake. "Si unajua wewe?"

"Usimvute," Nasra alianza. "Mwache ashuke mwenyewe. Halafu kichwa..."

Machozi yakamlengalenga Salome. Bi Mwanakombo, aliyeushika mkono wa bintiye, aliiona pete ikizama nyamani.

Nasra akaliacha la kichwa bila kulimaliza, kama alivyozoea darasani.

"Unafanya vizuri, Salome," akasema kwa upole, na pete ikalegea.