Sifa ya Nne

"Duka limepanda, mama! Mtu akitafuta kofia mtandaoni, la kwanza ni lako," alisema Shaweji, fundi wa tovuti, akimgeuzia simu.

Bi Mwanaisha alisoma sifa za wateja polepole, neno kwa neno. Kwenye ya nne akasimama. Iliandikwa: "Jana Mzee Mbaruku mwenyewe alinivalisha kofia. Mcheshi kweli!"

Mumewe alikuwa na miezi saba kaburini.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi. Zote thelathini. Bila sifa hupandi."

"Umemfufua mume wangu aje kuuza kofia?"

"Usikasirike, mama. Marehemu hasomi mtandao."

"Mimi nasoma! Futa. Zote!"

"Utarudi mkiani, asikuone mtu."

"Futa, mwana kukosa haya we!"

Shaweji akafuta, akiguna. Walipotafuta tena, yalipita maduka ya watu, la kwanza mpaka la arobaini, lake halikuonekana. Bi Mwanaisha hakungoja zaidi. Alishusha ukutani kofia aliyoiacha mumewe nusu, sindano ingali imechomekwa pale pale alipoishia. Akaketi mlangoni, akavuta uzi, akaendelea kushona.