Kamba ya Mpaka Rangi

Mpaka rangi alikuwa ameshatoka mlangoni, ngazi begani, na kamba ya kujifungia akiwa juu ameizungusha kiunoni, mkewe alipoona nyuzi zimechomoza katikati ya kamba ile.

Alijua zimetokana na nini. Ada ya gym hawakuimudu, basi kila alfajiri aliichukua kamba kwa siri akaenda kuiruka uani kama mazoezi, na sakafu ya saruji ikaila kidogo kidogo. Mume alishamkataza: kamba ya kazi haichezewi.

"Baba watoto!"

"Nini tena, mama? Umenikodolea macho, au nimependeza?"

Kidole cha mke kilishaanza kunyooka kuelekea kwenye kamba. Akakikunja.

"Uwahi kurudi," akasema.

"Nitawahi. Na wewe punguza kung'aa, majirani wananiuliza nakulisha nini."

Mchana huo kamba ilikatika, mume akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Hakufa, ila mguu wa kulia umelegea. Ngazi ameichukua shemeji yake, ndiye apakaye rangi sasa. Mazoezi ya hospitali ni ghali, kwa hiyo kila asubuhi mke humfunga chupa ya maji kifundoni, naye huunyanyua mguu palepale uani, mke akihesabu.

"Bila mama huyu ningeoza kitandani," mume huwaambia majirani.

Mke huendelea kuhesabu, kwa sauti kubwa zaidi.