Mabuti ya Fundi Amri

Mabuti mawili yalichomoza chini ya lori, ncha zikitazama juu, na Zebedayo alikuwa ameyatazama mpaka akayachukia.

Jioni ile bintiye wa pekee alikuwa anaagwa Nangurukuru kabla ya ndoa yake, na baba ndiye wa kumshika mkono kumwingiza ukumbini. Baba mwenyewe huyu hapa, kakwama Nyamwage, lori limeinuliwa na kukalishwa juu ya magogo, mpira wa breki umepasuka.

"Fundi, bado tu?"

Mabuti hayakujibu. Amri hakuwa mtu wa soga kazini, na madereva wote wa njia ile walimjua.

Moyo ulimtuma Zebedayo atoe magogo, ateremshe jeki, awashe gari, aende hivyohivyo kwa gia ndogo, Mungu atajua. Ndivyo alivyofanya mwaka jana. Amri alikwenda Kibiti kutafuta kipuri, aliporudi akakuta alama za matairi tu. Lori lilikuja kusimama katikati ya shamba la mihogo la watu.

Lakini leo kulikuwa na mtu chini. Haraka Zebedayo alikuwa nayo. Roho ya kuua hakuwa nayo.

Siti, mke wa Amri, aliyeuza chai hapo kando, alimwonea huruma. Akainama, akaingiza kichwa chini ya lori.

"Baba Zawadi, mwenzio anauliza." Akatega sikio. "Anasema usiguse kitu."

"Mwambie sigusi, shemeji."

Na kweli hakugusa. Aliongeza mawe kwenye matairi. Utingo wake alipopanda kabini kuchukua shati, alimfokea ashuke polepole, gari lisitikisike. Kisha akanunua chai na chapati, akaviweka karibu na buti la kushoto.

Chai ikapoa. Zebedayo akaona haya kumchukia mtu anayejituma kiasi kile, hata njaa haisikii.

Alasiri bodaboda ikasimama. Akashuka abiria aliyevaa kandambili, mpira mpya wa breki umemning'inia shingoni.

"Niwie radhi, dereva. Kibiti yote nimeizunguka," alisema. "Sasa ni kufunga tu. Mwanao utamuwahi."

Akaketi mchangani, akainywa ile chai iliyopoa, akavuta buti moja, akakung'uta makumbi ya nazi yaliyokuwa ndani, akalivaa.