Chupa ya Asidi

Karatasi ya litmasi ilipaswa kugeuka nyekundu. Mwalimu mtarajiwa aliichovya tena kwenye chupa iliyoandikwa ASIDI, darasa zima likimtazama, mkaguzi na mkuu wa shule wakiwa wameketi nyuma. Ilibaki buluu vilevile.

"Kwa mtindo huu leseni utaisikia tu, bibie," mkaguzi alisema huku akiandika. "Hukujiandaa."

Hukujiandaa! Wiki nzima amemganda mkuu wa shule ampe ufunguo wa maabara, na kila siku jibu ni lile lile: vifaa ni vya siku ya ukaguzi.

Aliinusa chupa. Damu ikamchemka. Akaiinua, akapiga mafunda matatu.

Wanafunzi walipiga mayowe. Mkaguzi aliruka, kiti chake kikapinduka.

Mkuu wa shule peke yake hakushtuka.